Anayemdai Marehemu

Mazungumzo juu ya kumkumbuka kaka mkubwa, yaliyotolewa kwa wakaazi wa Langoni, mji wa Lamu. Yanachapishwa kama yalivyosomwa.

 

Jeneza likishawekwa mbele ya safu, kabla imamu hajatoa takbira ya kwanza, kuna mtu husimama. Hasemi mengi. Husema kwamba marehemu alikuwa binadamu, alikula na watu na kufanya nao biashara. Aliyekosewa naye amsamehe, na anayemdai aje kwake. Kisha hurudi safuni. Ni jambo la dakika moja, pengine haifiki. Lakini kila aliyewahi kusimama pale anajua kwamba sauti haitoki kama ilivyopangwa.

Mara nyingi anayesimama ni mtoto wa marehemu, au ndugu yake. Mazungumzo haya yanamhusu ndugu mdogo anayesimama kwa ajili ya kaka yake mkubwa, kwa sababu pengo la kaka halifanani na pengo la baba. Baba akifa, watoto wote hugeuka wakamtazama kaka. Kaka akifa, hakuna wa kutazamwa. Hubaki wakitazamana wao kwa wao.

Chukua nyumba moja ya mfano hapa Langoni. Haina jina, imekusanywa kutoka mambo ambayo kila mtaa umeyaona. Ni nyumba ya ndugu watano, wanaume watatu na wanawake wawili. Baba yao alifariki zamani, wakati wa mwisho kuzaliwa akiwa bado madrasa. Mama yao yuko hai, mtu mzima sana, bado anatambua sauti kuliko nyuso. Kaka mkubwa alikuwa nahodha wa mashua. Alioa, akapata mabinti wawili, akabaki pale pale katika nyumba ya baba kwa sababu mtu mmoja lazima abaki na mama.

Mambo aliyoyafanya hayakuandikwa popote. Msimu wa kaskazi, bahari ilipotulia, alitoka nje ya miamba na kurudi na samaki wa kuuza. Kusi ilipovuma na bahari kufunga, alibaki ndani ya Mkanda na mikononi mwa mikoko, akipata cha kula na kidogo cha ziada. Na siku ambazo hata hilo halikuwezekana, alikaa barazani akishona kofia. Wageni hushangaa kuona mikono ya mvuvi, iliyokatwakatwa na mishipi, ikitoboa viua vidogo kiasi hicho bila kuharibu kitambaa. Watu wa Lamu hawashangai, kofia hapa ni kazi ya wanaume na wanawake, na kofia nzuri ya viua huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Kwa samaki alilisha nyumba. Kwa kofia alilipa ada za shule, na mahari ya mdogo wake wa kiume, na nauli ya dada mmoja alipopelekwa Mombasa kutibiwa.

Alikuwa mkali. Jambo hili husahaulika haraka sana katika siku za msiba, na si haki kulisahau. Alimchapa mdogo wake mara moja kwa kukutwa akiruka kutoka gatini wakati wa darsa, na kwa miaka mingi kijana alilihesabu kosa hilo kuwa la kaka. Alipenda kuamua mambo peke yake. Hakumwambia mtu anadaiwa nini wala anamdai nani. Alipoulizwa alijibu kwamba mambo yako sawa, akabadilisha mazungumzo yakawa ya upepo.

Akafariki kwa ghafla, usiku, kifua. Kabla ya alfajiri vipaza sauti vya msikiti vilikuwa vimeshataja jina lake, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshazikwa. Mji huu hauna barabara za magari ndani yake, na vichochoro vingine havipishi watu watatu. Jeneza hupita kwa mabega, na mabega hubadilishana kila hatua chache ili kila mtu apate sehemu yake ya kubeba. Mdogo wake alitaka kubeba mwanzo hadi mwisho. Hawakumwachia. Hivyo ndivyo ilivyo: hata huzuni hapa watu hupokezana.

Ndugu hao hawako peke yao katika historia ya mwambao. Mfano unaojulikana na wengi ni wa Mombasa. Sheikh Abdilahi Nassir, aliyefariki Januari 2022, alikuwa mwalimu, mwanasiasa wa wakati wa kuelekea uhuru, mchapishaji wa vitabu na mhadhiri wa dini. Lakini kwa mshairi Abdilatif Abdalla, aliyezaliwa mwaka 1946, alikuwa kwanza kaka. Ndugu mwengine mkubwa, Ahmad Nassir Juma Bhalo, alikuwa malenga, na diwani yake iliyopewa jina la Malenga wa Mvita bado inasomwa. Mdogo alikulia katikati ya hao wawili, mmoja wa siasa na mmoja wa shairi, na akayachanganya yote mawili. Mwaka 1969 alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu kwa ajili ya karatasi iliyouliza Kenya inaelekea wapi, na mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Ndani ya diwani hiyo mna shairi la ndugu wawili wanaovutana juu ya mnazi mmoja. Wasomi wengi wamelisoma kuwa shairi la nchi na wanaoigombania, na huenda ndivyo. Lakini msomaji wa Langoni ana haki ya kulisoma pia kama lilivyo, ndugu wawili na mnazi. Visa vya namna hiyo viko vingi hapa, na si vya kishairi.

Turudi nyumbani. Siku tatu za matanga zina kazi yake. Wanaume hukaa nje, wanawake ndani, juzuu zinagawanywa, hitima inasomwa, kahawa chungu inazunguka. Watu wasiojua husema kwamba wafiwa huchoshwa na wageni. Kwa kweli wageni ndio huleta habari. Katika siku hizo tatu ndugu wa marehemu hupata kujua walikuwa wakiishi na nani. Mzee mmoja anaeleza jinsi kaka alivyogeuza mashua usiku wa kusi kurudi kumtafuta mtu aliyeanguka, na hakumsimulia mtu. Mwanamke jirani, aliyefiwa na mume zamani, anasema kutoka nyuma ya pazia kwamba kwa miaka kadhaa kila Ijumaa kulikuwa na samaki mlangoni, na hakuwahi kuambiwa nani anayeleta, ila alikuwa akimtambua kwa kikohozi. Mdogo mtu anasikiliza. Yeye alikuwa akijua tu kwamba Ijumaa samaki wa nyumbani huwa wachache.

Hapo ndipo kumbukumbu huanza, katika hesabu ambayo haikulingana na sasa inalingana.

Kisha wanaanza kuja wenye madeni, kwa sababu mtu alisimama akasema waje. Hawaji siku ya kwanza. Watu wa hapa wana haya. Huja baada ya siku tatu, wengine baada ya arobaini, na wengi huanza kwa kusema kwamba hawakuja kwa ajili ya hilo. Mwenye duka ana daftari lake. Anayeuza petroli ya mashine za mashua ana lake. Fundi aliyetengeneza mashine ana kumbukumbu tu, hana karatasi, lakini kila mtu anajua kwamba mashine ilitengenezwa na kwamba kaka alikuwa akilipa kidogo kidogo. Baharia mmoja anadai mgao wa safari mbili za mwisho. Jumla yake si mali ya kutisha, lakini kwa kijana anayelipwa kwa kutwa ni nyingi.

Wazee wanalijua hili na vijana walijue: katika mali ya marehemu, mrithi hatangulii. Kwanza ni gharama za maziko. Pili ni madeni. Tatu ni wosia kama upo, nao hauvuki theluthi moja ya kilichobaki wala hauwi kwa mrithi. Mirathi ni ya mwisho. Kwa hiyo ndugu anayelipa deni la kaka kutoka mali ya kaka hafanyi hisani, anafuata mpango. Na pale mali isipotosha, hakuna sheria inayomlazimisha kulipa kwa mfuko wake. Wengi hulipa. Hilo ni lao na Mola wao, na ni vizuri wajue kwamba wanalifanya kwa mapenzi, wasije wakamchukia marehemu kwa mzigo ambao hakuna aliyewatwika.

Kuna deni la aina nyengine linalosahaulika, nalo ni la wanaodaiwa na marehemu. Kaka wa nyumba hii alikuwa amekopesha watu watatu, na mmoja wao hakujitokeza mpaka leo. Anayemdai marehemu huambiwa aje. Anayedaiwa haambiwi kitu, na labda wakati umefika wa kuongeza maneno mawili katika tangazo lile la mbele ya jeneza.

Sasa karatasi. Ni sehemu kavu ya mazungumzo haya, lakini ndipo nyumba nyingi zinapoumia, kwa hiyo vumilieni.

Desturi ya kuzika haraka ni nzuri na hakuna anayetaka kuiondoa. Tatizo ni kwamba mara nyingi maziko hutangulia na taarifa haifuati kamwe. Mtu akifariki hospitalini, hospitali huandika taarifa ya kifo. Akifariki nyumbani, taarifa hutolewa kwa naibu wa chifu, naye hutoa kibali cha maziko. Karatasi hiyo ndiyo inayopelekwa ofisi ya usajili wa vizazi na vifo ili kupata cheti cha kifo. Ofisi hiyo ni ya serikali ya kitaifa, si ya kaunti, na wakaazi wengi huzichanganya wakaenda mlango usio wao. Kumpigia simu naibu wa chifu wakati maji ya kuoshea yanatayarishwa hakucheleweshi maziko hata kidogo. Kinachochelewesha ni kungoja mwaka mzima, kisha kuanza kutafuta mashahidi wa kifo ambacho mtaa wote ulikihudhuria.

Bila cheti cha kifo, mjane hawezi kufuatilia akiba iliyo benki, wala malipo ya uzeeni ikiwa marehemu alikuwa akichangia, wala pesa zilizobaki katika simu. Mashua nayo ina leseni na ina jina la mwenye nayo katika daftari la BMU. Mashua ya marehemu ikiendelea kwenda baharini kwa jina la marehemu, siku likitokea la kutokea, nani atajibu? Na kuna jambo ambalo wavuvi wa Lamu wanalijua kuliko watu wa kaunti yoyote. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua kwamba wavuvi wa Lamu wapatao 4,600 walioathiriwa na ujenzi wa bandari walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Safari ya jambo hilo imekuwa ndefu, na mvuvi hangojwi na mauti. Jina linabaki katika orodha na mwenyewe hayuko. Anayekuja kusema kwamba yeye ni mkewe au ni binti yake huulizwa karatasi, na haki yake husimama pale.

Inashangaza kidogo. Langoni ni mtaa wenye kumbukumbu ndefu. Habib Swaleh, aliyetoka Ngazija akafanya makao yake hapa na kuuinua Msikiti wa Riyadha, alifariki mwaka 1935, na mpaka leo kila mfungo sita watu husafiri kutoka nchi nyingine kuja Maulidini na kuzuru kaburi lake. Mji mzima wa kale uko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001. Watu wanaoweza kutaja nasaba zao vizazi saba nyuma, hadi Hadhramaut au Pate au Siyu, hushindwa kuonyesha cheti cha kifo cha mtu aliyekufa miaka mitatu iliyopita, ambaye kanzu yake bado inaning'inia nyuma ya mlango.

Linabaki la nyumba, na hili ndilo lililokaribia kuivunja familia hii ya mfano.

Mdogo wa kiume, yule aliyesimama mbele ya jeneza, aliamini kwamba nyumba sasa ni yake kuiangalia, na kuiangalia kukawa polepole ni kuimiliki. Hakuwa na nia mbaya. Alifikiri kaka alimwachia nafasi. Mjane wa kaka alikuwa ndani, katika eda ya miezi minne na siku kumi, na wanaume walizungumza mambo ya nyumba ukumbini kana kwamba hayupo. Mabinti wake wawili walisikia kila neno. Yule mkubwa, wa darasa la juu, alimuuliza mamake kama wanahama. Mama hakujua la kumjibu.

Eda humzuia mwanamke kutoka bila haja na kujipamba. Haimzuii kusema. Na haimfanyi kuwa mgeni katika nyumba aliyoipikia miaka yote hiyo.

Ilipofikishwa Mahakama ya Kadhi, mambo mawili yalidhihirika. Katiba, kifungu cha 170, inaipa mahakama hiyo mamlaka juu ya ndoa, talaka, hadhi ya mtu na mirathi kwa Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake, na mtu haendi pale kwa ugomvi peke yake. Unaweza kwenda ukiwa umekaa vizuri na ndugu zako, na ndio wakati bora wa kwenda. La kwanza lililodhihirika ni kwamba nyumba haikuwa ya kaka. Ilikuwa bado ya baba. Tangu baba alipofariki hakuna aliyegawanya, kwa kuwa kugawanya kulionekana ni kuvunjiana heshima. Kwa hiyo kaka aliishi miaka yote hiyo katika nyumba ambayo yeye alikuwa na fungu lake tu, akaipaka chokaa kila mwaka na kubadilisha boriti zilizooza kwa pesa zake, na hakuna aliyeandika.

Basi ikabidi kugawanya mara mbili, mirathi juu ya mirathi. Kwanza ya baba: mama yao thumuni yake, kisha kilichobaki kwa watoto watano, mwanamume mafungu mawili kwa fungu moja la mwanamke. Hayo ni mafungu manane, na kaka akapata mawili yake. Kisha fungu hilo la kaka, na la kaka peke yake, likagawanywa upya kwa warithi wake yeye. Mke alikuwa na watoto, kwa hiyo thumuni. Mabinti wawili, theluthi mbili. Mama yake, sudusi. Ukiyaweka juu ya 24, mke ana 3, mabinti wana 16, mama ana 4. Jumla 23. Limebaki 1 kwa ndugu wote wanne kwa pamoja, nao waligawane mbili kwa moja vile vile.

Yule mdogo alitazama karatasi kwa muda mrefu. Fungu lake la baba lilikuwa palepale, halikuguswa. Lakini kutoka kwa kaka, katika nyumba aliyoamini ni yake, alikuwa na theluthi ya sehemu moja katika ishirini na nne. Na lau kaka angalikuwa na mtoto wa kiume, asingepata hata hicho.

Wanaosimulia visa vya namna hii hupenda kusema kwamba mtu hukasirika. Wengi hawakasiriki. Wanachohisi ni aibu, na aibu ni ngumu zaidi kuisema. Alitoka nje akakaa barazani mahali alipokuwa akikaa kaka, na mpwa wake mdogo akamletea kahawa bila kuagizwa, kama alivyokuwa akimletea babake. Alimwita, "Ami." Akanywa.

Nyumba hawakuiuza. Kuuza nyumba ya mji wa kale ni rahisi siku hizi, wanunuzi wapo, wengine hawajawahi kukaa hapa kipindi kimoja cha kusi. Walikubaliana kuandika mafungu na kubaki. Dada mmoja alitaka chake, wakakubaliana kumlipa kwa awamu, na hilo nalo liliandikwa mbele ya mashahidi. Mjane akaambiwa akae na mabinti zake. Hilo halikuwa zawadi: kati ya fungu lake na la mabinti, sehemu kubwa ya lililokuwa la marehemu ni lao.

Mengine ya kumkumbuka yalipangika yenyewe. Dada mkubwa alisema kisomo cha mwaka kisiwe cha pilau kubwa wakati deni la fundi wa mashine halijaisha. Baadhi ya jamaa hawakufurahi. Wakalipa fundi kwanza, wakasoma hitima kwa kahawa na tende, na hakuna aliyekufa njaa. Samaki wa Ijumaa wanaendelea kwenda mlangoni kwa yule jirani. Anayewapeleka sasa ni mdogo mtu, na yeye hana kikohozi, kwa hiyo ilibidi agonge.

Katika wale wenye madeni kulikuwa na mmoja aliyekuja mwisho kabisa, mzee wa Mkomani, siku nyingi baada ya arobaini. Alisema hakuja kudai pesa. Alikuwa ametoa nusu ya bei ya kofia, na kofia ilikuwa haijamalizika. Akauliza tu kama kitambaa kipo. Kilikuwepo, ndani ya mfuko wa plastiki chini ya mto wa kaka, na sindano imechomekwa pale pale alipofikia. Mdogo alitaka kumrudishia pesa. Mzee alikataa, akasema alilipia kofia.

Kijana alijifunza kushona utotoni, kwa kaka huyo huyo, akaacha kwa kuona ni kazi ya watu wasio na haraka. Sasa hushona baada ya sala ya alasiri. Viua vyake ni vikubwa kidogo kuliko vya kaka, na mtu anayejua kofia ataona mahali mkono ulipobadilika. Amemwambia mzee jambo hilo mapema ili asije akalalamika. Mzee alishika kitambaa, akapitisha kidole juu ya mstari, akasema anataka iwe tayari kwa Maulidi, na kama haitakuwa tayari kwa Maulidi ya mwaka huu, basi iwe ya mwaka ujao.